Kwa nini tamasha la sanaa la jamii hufa pindi mwanzilishi wake anapoondoka?

#1 Tarumbeta

Salaam, wanajamvi. Nimeshiriki kwa miaka kadhaa katika kuandaa matamasha madogo ya sanaa na utamaduni, na nimeyaona mengi yakianza kwa kishindo na kuzimika kimya kimya. Wengi husema yamekufa kwa kukosa fedha. Mimi nasema fedha si chanzo. Tamasha hufa kwa sababu tangu siku ya kwanza lilikuwa mali ya mtu mmoja, hata kama lilikuwa na kamati, katiba na mhuri. Mtu huyo ndiye ajuaye fundi yupi hukubali kuleta vipaza sauti kwa malipo ya awamu, ofisa yupi anashughulikia kibali, mwenye uwanja aliahidi nini kwa mdomo, na kikundi kipi bado kinadai salio lake la mwaka jana. Akihama, akiugua au akichoka, kamati hubaki na jina la tamasha na bango la kitambaa, basi.

Tazameni kijiji cha Oberammergau, Ujerumani. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri kwamba wakinusurika wataigiza mateso ya Yesu, na mwaka uliofuata wakaitimiza. Wameendelea mpaka leo bila kukosa, na waigizaji ni wao wenyewe: ili mtu mzima apewe nafasi jukwaani sharti awe amezaliwa pale au ameishi pale miaka 20. Hapo hapana mwanzilishi wa kuondoka na tamasha mfukoni. Naomba maoni, hasa ya waliowahi kubeba jukumu hili wenyewe.

#2 Hesabu Kwanza

Ndugu Tarumbeta, nakupinga kwa heshima. Nimekuwa mweka hazina wa matamasha, na nikiangalia vitabu naona fedha tu.

Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, ilianza mwaka 2004, ikajenga jina, ikawa na timu yenye uzoefu, ofisi na watazamaji waaminifu. Hata hivyo mwaka 2016 haikufanyika kwa sababu ufadhili haukutosha, ikarudi Februari 2017. Ule haukuwa upungufu wa kumbukumbu wala wa viongozi. Gharama kubwa za tamasha huja kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa: jukwaa, taa, jenereta, walinzi, vyoo vya muda, malipo ya awali ya wasanii, vibali. Mapato huja siku ya mwisho, na mvua ikinyesha hayaji kabisa. Wafadhili nao hupenda kulipia siku za tamasha zenyewe, siku za picha, lakini hawapendi kulipia mshahara wa mratibu katika miezi ambayo hakuna kinachoonekana. Kwa hiyo tamasha likiisha ofisi hufungwa, watu hutawanyika kutafuta riziki, na mwaka unaofuata mwanzilishi huanza upya na wageni watupu. Huo umiliki wa mtu mmoja unaoulalamikia ni matokeo. Ni nani mwingine atakayebaki mahali pasipo na mshahara isipokuwa mwenye ndoto yake?

#3 Kalamu ya Mkaa

Sahihisho kwa bandiko #1. Oberammergau si tamasha la kila mwaka na si kweli kwamba halijakosa. Huigizwa kila baada ya miaka kumi. Tangu 1680 limewekwa katika miaka inayoishia na sifuri. Mwaka 1940 halikufanyika kwa sababu ya vita, na lile la 2020 liliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya janga la korona.

Silisemi hili kwa ajili ya kubishana tu. Jamii inayokusanya nguvu kwa miaka kumi ipate msimu mmoja iko katika hali tofauti kabisa na kamati inayodaiwa onyesho jipya kila baada ya miezi kumi na miwili. Huenda kilichokiokoa kile kijiji ni kalenda yake kuliko umiliki.

#4 Bi Mshumaa

Mnazungumza kama waandaaji. Niruhusuni niseme kama mtumbuizaji.

Naongoza kikundi cha ngoma ambacho wapigaji wake wengi ni watu wazima, wengine wajukuu wao wanacheza nao. Tamasha lilipoanzishwa kwetu tulialikwa kwa bashasha kubwa. Picha yetu ndiyo iliyowekwa kwenye tangazo. Tulipofika tukakuta tumepangiwa saa nane mchana. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vyote vitupu, vingine bado vimefungwa kamba kama vilivyoshushwa kwenye lori. Sisi tunapiga, na pale pembeni mafundi wanajaribu vipaza sauti vya bendi ya usiku, "moja, mbili, moja, mbili," juu ya sauti ya mzee wetu aliyekuwa anaimba utangulizi ambao mtu hapaswi kuukatiza. Saa tatu usiku uwanja ulijaa, na bendi ya kualikwa kutoka mbali ikapewa saa nzima na taa zote.

Mwaka uliofuata tuliambiwa tuje na maji yetu ya kunywa. Uliofuata huo hatukwenda. Hatukugombana na mtu wala hatukuandika barua. Tulikaa nyumbani tu, na ndugu, majirani na wanafunzi wetu waliokuwa wanakuja kwa ajili yetu wakakaa nyumbani pia. Baadaye nikasikia waandaaji wakisema watu wa eneo hawana mwamko wa sanaa. Ndugu zangu, mwenyeji akifanywa mgeni kwenye shughuli yake, mnataka aje kufanya nini?

#5 Fundi Mitambo

Dada Mshumaa, pole sana. Mtu kujaribu mitambo juu ya onyesho linaloendelea ni utovu wa adabu ya kazi, na fundi aliyefanya hivyo alistahili kuondolewa kwenye meza.

Lakini naomba nieleze kwa nini ratiba hupangwa hivyo, maana si dharau peke yake. Bendi yenye ala za umeme huhitaji muda mrefu kufunga na kupima sauti, na kazi hiyo hufanyika kwa utulivu mchana kabla ya watu kuingia. Ikishapimwa, fundi hataki kitu kiguswe. Sasa kikundi cha ngoma chenye wapigaji wengi na waimbaji wanaozunguka jukwaa zima kinahitaji vipaza sauti vya kuning'inizwa juu na nafasi pana sakafuni. Ukikiweka saa mbili usiku katikati ya bendi mbili, lazima uondoe kila kitu na kukirudisha, na hiyo ni nusu saa ya giza na watu kupiga miluzi. Mwandaaji asiye na uzoefu huona njia rahisi ni kukisukuma kikundi mchana. Tiba yake inajulikana: jukwaa la pili dogo, hata kama ni sakafu iliyofagiwa na taa nne, ili huku wakipanga kule wapige. Bajeti nyingi nilizopewa hazikuwa na mstari wa jukwaa la pili, ila zilikuwa na mstari wa fulana za kamati.

#6 Bi Mshumaa

Nimekuelewa, Fundi, na nashukuru. Ila hata hiyo ratiba yako iliyojaa nyaya haielezi habari ya maji ya kunywa.

#7 Nyota ya Alfajiri

Hoja ya Bi Mshumaa imenikumbusha Edinburgh. Tamasha la kimataifa lilipoanzishwa mwaka 1947 liliita vikundi vikubwa vya opera, muziki na tamthilia kutoka nje. Waandaaji hao hao wakaona watengeneze pembeni tamasha la Fringe ili wasanii wadogo wapate nafasi, na leo Fringe ni kubwa kuliko lile lililolizaa. Kwa hiyo mwandaaji akitenga nafasi kwa wenyeji kwa makusudi, tamasha linakua.

#8 Mzee wa Kamati

Mwanangu Nyota, habari hiyo imegeuzwa. Fringe haikutengenezwa na waandaaji. Mwaka huo wa 1947 vikundi vinane vya tamthilia vilikwenda Edinburgh bila kualikwa, vikatafuta kumbi vyenyewe na kuonyesha kazi zao. Hata chama cha kuratibu Fringe kilipokuja kuundwa, kilishika kanuni kwamba hakitachagua nani aonyeshe na nani asionyeshe. Nafasi ile haikutolewa na mtu, ilitwaliwa, na ndiyo maana haikuweza kufutwa na mtu.

Nimekaa kwenye kamati tangu ujana, na imani yangu ni kwamba tamasha hudumu pale jamii inapogawanyika vipande vyenye wivu wa heri. Siena, Italia, ina mitaa 17 ya jadi, kila mmoja na bendera yake, makumbusho yake na kanisa lake dogo. Mbio zao za farasi, Palio, hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti, na kwa kila mbio ni mitaa kumi tu inayoshiriki kwa sababu uwanja hautoshi wote. Watu hawa hawasubiri tangazo la mfadhili. Mwaka mzima wanachangishana, wanakula pamoja, wanafundisha watoto kurusha bendera, kwa kuwa hakuna mtaa unaotaka kuaibika mbele ya jirani. Hali ni hiyo hiyo kwa tamasha la Gion mjini Kyoto, Japani, ambalo chimbuko lake hutajwa kuwa mwaka 869: yale magari makubwa ya maandamano hutunzwa na mitaa, kila mtaa lake. Kamati kuu ikiyumba, mitaa inabaki imesimama. Sisi tunafanya kinyume. Tunaunda kamati kuu kwanza, kisha tunatafuta watu wa kuitii.

#9 Msomaji Kimya

Mara nyingi nasoma bila kuchangia, lakini hapa sina budi. Mzee, mifano yako ina karne nyingi nyuma yake, na mtu anayeanza leo hawezi kuazima karne. Afadhali tuangalie yaliyoanzishwa na watu ambao bado wanakumbukwa.

Glastonbury, tamasha la muziki la Uingereza, ilianza mwaka 1970 kwenye shamba la Michael Eavis ikiwa na watu wapatao 1,500. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1969, Woodstock ya Marekani ilikusanya watu wanaokadiriwa kuwa 400,000. Uzio na vibanda vya tiketi havikukamilika kwa wakati, ikabidi watu waingie bure, na waandaaji wakatoka na deni kubwa ambalo filamu na rekodi za baadaye ndizo zilizosaidia kulilipa. Ile ndogo ipo mpaka leo. Tena ina desturi ya kupumzika ili ardhi ipate nafuu: haikufanyika 2006, 2012 wala 2018. Maoni yangu ni kwamba matamasha yetu hufa kwa haraka ya kukua. Mwaka wa kwanza watu wamefurahi, basi mwaka wa pili kamati inataka jukwaa maradufu, siku maradufu na msanii mwenye jina kubwa, na mwaka wa tatu inajificha isikutane na wanaoidai.

#10 Hesabu Kwanza

Nakubali kuhusu haraka, sikubali kuhusu mapumziko. Eavis alikuwa na shamba lake. Mwenye uwanja wa kukodi akipumzika mwaka mmoja, uwanja hupewa mwingine. Mdhamini naye akipumzika hugundua kwamba anaweza kuishi bila wewe. Kupumzika ni haki ya mwenye mali.

#11 Fundi Mitambo

Kwa kuwa ukubwa umetajwa, kuna jambo ambalo kamati nyingi hulijadili mwisho, baada ya rangi za bango: usalama wa umati. Tarehe 30 Juni 2000 watu tisa walikufa kwa kukandamizwa mbele ya jukwaa kwenye tamasha la muziki la Roskilde, Denmark. Julai 2010 watu 21 walikufa Duisburg, Ujerumani, kwenye Love Parade, tamasha la muziki wa dansi, pale palipokuwa na njia ya kuingilia iliyopitia kwenye handaki na mteremko mmoja uliotumika pia kutokea. Umati haukuua kwa sababu ya fujo. Wataalamu wa mambo haya hueleza kwamba watu wakikaribia saba katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua aelekee wapi wala ainame au asimame. Kifua kinabanwa akiwa wima na pumzi inakata.

Tamasha dogo halina kinga ya asili. Uwanja mdogo wenye lango moja ni hatari kuliko uwanja mkubwa wenye malango sita. Mimi kabla ya kufunga waya hata mmoja hutembea njia ya kutokea nikihesabu hatua, nafungua kila lango kwa mkono wangu mwenyewe, na nimewahi kukuta lango la dharura limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda safarini. Onyesho liliahirishwa kwa saa mbili mpaka kufuli likakatwa. Walinikasirikia sana, na ningefanya hivyo tena.

#12 Tarumbeta

Ndugu Fundi, heko. Naomba mlitazame hilo kwa jicho la mada. Love Parade haikufanyika tena baada ya msiba; Roskilde ipo mpaka leo. Roskilde ilianza 1971, na tangu 1972 imekuwa mikononi mwa asasi isiyogawana faida, ikiendeshwa kwa sehemu kubwa na maelfu ya watu wanaojitolea, na ziada yake huenda kwenye shughuli za jamii. Tamasha lenye wenyewe wengi linaweza kuomboleza, kujirekebisha na kurudi. Hapo ndipo ninaposimama.

#13 Kalamu ya Mkaa

Hapana, ndugu Tarumbeta, unaunganisha vitu viwili kwa uzi mwembamba. Misiba hiyo ilitofautiana kwa ukubwa, kwa mashtaka yaliyofuata na kwa namna maeneo yenyewe yalivyokuwa. Huwezi kutoa kanuni ya umiliki kutoka hapo.

Mfano unaokufaa zaidi, ingawa nao una mwiba, ni Eisteddfod ya Taifa ya Wales, tamasha la ushairi, muziki na uigizaji kwa lugha ya Kiwelishi. Kila Agosti huhamia mahali papya, mwaka mmoja kaskazini, mwaka mwingine kusini, na eneo linaloipokea huunda kamati yake na kuchangisha fedha muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Mzigo haumwangukii mtu yule yule, na watu wa kila eneo hujifunza kuendesha shughuli kubwa. Mwiba ni kwamba kuhamahama ni ghali, na kila mahali papya panadai maji, barabara na umeme upya.

#14 Mwana wa Jukwaa

Nimesoma mabandiko yote na nimeona fedha zikitajwa kwa jenereta, vyoo na fulana, lakini malipo ya msanii yametajwa kwa kupita tu. Mimi ni mwigizaji. Nimeambiwa na waandaaji wasiopungua watatu kwamba nitalipwa kwa kujulikana. Mpiga picha alilipwa, mwenye mahema alilipwa, mimi nikapewa cheti.

Avignon, Ufaransa, tamasha alilolianzisha Jean Vilar mwaka 1947, lilifutwa mwaka 2003 kwa sababu wasanii na mafundi wa jukwaa waligoma kupinga mabadiliko ya bima yao ya kukosa kazi. Lile ni miongoni mwa matamasha makubwa ya tamthilia duniani, lina majengo, lina serikali nyuma yake, na bado lilisimama siku wasanii waliposimama. Yetu madogo hayafutwi kwa mgomo. Wasanii wazuri huacha kupokea simu mmoja baada ya mwingine, wanabaki wanaokubali lolote, na watazamaji wanaona tofauti kabla ya kamati. Msiniambie ni kalenda wala ukubwa.

#15 Hesabu Kwanza

Ndugu Mwana wa Jukwaa, umesema kweli, na bado umerudi kwenye fedha. Nilichojaribu kufanya nikiwa mweka hazina ni kuandika malipo ya wasanii kwenye mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya jukwaa na mahema, nusu ilipwe siku ya kusaini mkataba na nusu kabla ya kupanda jukwaani. Tulipunguza idadi ya vikundi ili waliobaki walipwe. Nusu ya kamati ilininunia kwa sababu ndugu zao walikatwa.

#16 Mzee wa Kamati

Hiyo ya ndugu wa wanakamati ingestahili uzi wake. Sisi kila kazi tuliipa watu wawili, mkubwa na msaidizi, na baada ya misimu miwili msaidizi anakuwa mkubwa apende asipende. Daftari la mapatano lilikaa kwa katibu, nakala kwa mweka hazina, limeandikwa mpaka upana wa lango na saa ambayo jua linapiga usoni mwa watazamaji. Tulidumu muda mrefu kuliko wenzetu. Hata hivyo vijana wengi walikuja kujifunza kisha wakaanzisha matamasha yao hatua chache tu kutoka kwetu, tarehe zile zile, na watu wakagawanyika. Kwa hiyo hata elimu ya kurithishana ina gharama yake.

#17 Nyota ya Alfajiri

Shikamoo Mzee, na ahsante kwa sahihisho la Edinburgh. Je, daftari hilo lilikuwa pamoja na rekodi za maonyesho? Nauliza kwa sababu tamasha tulilokuwa nalo lilikufa, lakini video zake bado zinazunguka mtandaoni na sijui ni za nani.

#18 Kalamu ya Mkaa

Jambo zito. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unazitaka nchi zilizouridhia zishirikishe kwa kadiri kubwa jamii zenye urithi huo katika kuutunza. Kwenye tamasha dogo maana yake ni kwamba kikundi kiulizwe kabla ya kamera kuwashwa, kwani kuna nyimbo na mavazi ambayo wenyewe hawataki yatoke nje ya mahali pake. Tamasha likifa bila maandishi, mpiga picha hubaki na kila kitu na kikundi hakina hata nakala.

#19 Bi Mshumaa

Sisi tulikutana na hilo. Wimbo wa mzee wetu, ule ule uliokatizwa na "moja, mbili", tuliukuta umewekwa chini ya tangazo la biashara, na hakuna aliyeweza kutuambia nani aliutoa. Tangu hapo mkataba wetu una vipengele vitatu tusivyovilegeza: tusipangiwe saa ambayo mitambo inajaribiwa, kamera izimwe kwenye utangulizi, na nakala kamili ya kilichorekodiwa tukabidhiwe kabla hatujaondoka uwanjani. Waandaaji wawili wameukataa. Mmoja amekubali, na tunakwenda kwake mwezi ujao, saa moja na nusu jioni.